Safari Aliyoikataa Peniel

Laurian alivua kofia kabla hajafika uani, na Damari akajua. Kondakta huyo wa basi la Sepuka alizoea kupita Unyambwa kuleta vifurushi kutoka kwa Peniel, kaka yake Damari, na siku zote kelele zake zilianzia barabarani: "Mama Belinda, ongeza maji kwenye uji, mwenye njaa amefika!" Siku ile ya Machi 1998 alikuja kimya, suruali imeloa matope hadi magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaka yangu ana nini?"

"Ametutoka, mama. Jana saa nne asubuhi, pale zahanati. Ni ngiri, ilimbana ghafla."

Damari aliweka ungo chini vibaya, alizeti ikamwagika. Machozi hayakuja kwanza. Lililomtoka ni swali.

"Ndege haikuja?"

Laurian akatazama viatu vyake. "Haikuitwa. Alikataa mwenyewe."

Kwa miaka kumi na saba Peniel alikuwa mtunza uwanja wa ndege wa misheni, mbele ya Sepuka. Uwanja wenyewe ulikuwa ukanda wa ardhi uliofyekwa, wenye mawe ya chokaa kando. Akisikia mlio, alifukuza ng'ombe, kisha akawasha moto wa majani mabichi ili rubani aone upepo unakoelekea. Ndege ilikuwa ndogo, ya watu watano. Ilileta daktari na chanjo, ikaondoka na wagonjwa ambao barabara ingewamaliza. Peniel, aliyekuwa amefiwa na mke mapema, aliizungumzia kama mtu anavyomzungumzia dume lake bora zizini.

Ukame wa mwaka uliotangulia ndio ulioleta maneno. Uwele ulikauka ukiwa na urefu wa goti, na watu wakaanza kutazama juu. Wakasema ndege inakata mawingu. Peniel aliwacheka, lakini neno lilimkaa, akamuuliza rubani, kijana aliyeitwa Raymond.

"Hii yetu haifukuzi wingu, mzee," Raymond alimjibu. "Lakini nisikudanganye kwamba haina kosa. Moshi wa ndege zote za dunia, na magari, na viwanda, unakaa huko juu na kuongeza joto. Yetu ni tone, ila nalo limo ndani ya mtungi."

Baada ya miezi michache barua ya misheni ikafika. Mafuta yalikuwa yamepanda bei tangu biashara iachiwe huru, na makanisa ya ng'ambo yaliyochangia ndege sasa yaliwaza pia juu ya moshi wake. Badala ya kuja kila wiki, ndege ingeleta chanjo mara moja kwa mwezi, na kubeba wagonjwa mara mbili tu. Kijiji kiseme ni wagonjwa gani.

Walikutana kanisani. Wa kwanza kusimama alikuwa mzee Mughwai, aliyewazidi wote umri.

"Hao walioandika, walikuja huku kwa miguu?"

Kanisa zima likacheka.

"Hawakuja kwa miguu, na siwatetei," Peniel alisema. "Wanaruka kuliko sisi, wapunguze na wao. Lakini mvua ikiharibika, shamba litakalokauka kwanza ni la nani? Tumepewa safari mbili. Mama aliyeshindwa kujifungua hasubiri, na mtoto mchanga hasubiri. Sisi wenye mvi twende na gari."

"Kwetu mtoto hanawi mikono kabla ya mzee!" Mughwai alifoka. "Leo wewe Peniel unatuambia mzee ashike mkia?"

"Mezani nitakutanguliza, kaka. Hapa hapana."

Sheria ikapita hivyo, kwa shida. Damari alipohadithiwa alijivuna mbele ya wanawake wenzake wa kwaya. Sasa, ndani ya basi la Laurian lililokuwa likisukumwa kila baada ya kilima, majivuno yale yalimtia haya. Alimwomba Mungu ampe sababu moja tu: asikie kwamba nafasi ya kaka yake ilimwokoa mama fulani, mwenye jina, mwenye mtoto mgongoni.

Nesi Ritha alimpokea mlangoni pa zahanati.

"Jumatatu uwanja ulikuwa mkavu," Ritha alisema. "Nikamwambia, mzee, imebaki safari moja mwezi huu, naita. Akaniuliza tarehe. Nikamwambia tisa. Akasema, 'Mwezi bado mchanga, binti yangu. Una wajawazito wangapi walio karibu?' Nikamjibu, kumi na mmoja. Akasema, 'Basi nipeni gari.'"

Gari liliondoka naye jioni kwenda hospitali. Mvua zile za Elinino zilikuwa zimeikata barabara, likazama kabla ya nusu ya safari. Alfajiri walilivuta kwa ng'ombe na kumrudisha. Kufikia hapo uwanja nao ulikuwa umejaa maji, hakuna ndege ambayo ingetua.

"Na safari ile iliyobaki," Damari aliuliza, "amepanda nani?"

"Bado hajapanda mtu."

"Kwa hiyo kaka yangu amekufa na nafasi ipo."

Ritha alijifunika uso kwa kanga. Damari alitoka nje, akasimama peke yake mpaka Mughwai akamfuata, fimbo ikizama katika matope.

"Mdogo wangu, pole. Sheria ile mimi niliipinga. Ukisema neno leo kama msemaji wa familia, tunaifuta kabla ya mazishi. Hakuna atakayekulaumu."

Damari alikuwa amemkasirikia kaka yake kuliko mtu yeyote, na kaka huyo hakuwapo tena kuambiwa.

"Msiifute," alisema mwishowe. "Wale kumi na mmoja bado wana matumbo yao. Ila mtu mwenye maumivu asiachiwe kujihukumu. Akisema hapana na nesi akisema ndiyo, nesi asikilizwe. Awe mzee, awe mtoto."

Mughwai alitikisa kichwa akikubali. "Hilo mimi nitalisema kanisani. Wewe una msiba."

Walimzika Peniel Alhamisi saa tisa alasiri, kando ya mkewe. Jeneza lilikuwa la mbao za mninga, likabebwa na wanaume wanane kwa zamu kwa sababu ya utelezi. Kaburi lilikuwa na maji chini, wakayateka kwa ndoo kwanza. Mchungaji alisoma, akaomba, kwaya ikaimba nyimbo mbili. Damari alisema jina la marehemu, umri wake, miaka sitini na minne, na kazi aliyoifanya. Aliwashukuru waliolivuta gari. Kisha akachukua udongo kwa mkono wa kulia, akautupa, akasema, "Nenda kwa amani, kaka." Wengine wakafuata. Vijana walifukia, wakasimika msalaba wa mti, na watu wakarudi nyumbani.