Fundi Aliyesikia kwa Viganja

Siku ya kwanza kumwona Twalib nilimwamkia, naye hakuitikia. Ilikuwa asubuhi ya baridi, mwezi wa saba mwaka 2018, nami nilikuwa nimehamishia cherehani yangu kwenye ua mmoja wa Bellevue, mjini Johannesburg, ambako watu hutengeneza magari. Kazi yangu ni kushona viti vya magari na maturubai. Nilimkuta mzee mrefu mwenye kofia ya sufu ameinama juu ya injini, kiganja chake kimetulia juu ya chuma kama mtu anayempima mtoto homa. Nikasema, "Shikamoo, mzee." Nikarudia. Hakugeuka.

Sisi tuliokulia Tanga tunajua shikamoo isiyoitikiwa inavyouma. Nina haya tangu utotoni, na kumtolea mgeni salamu moja ni kazi kubwa kwangu. Zile mbili zilinimaliza kabisa. Nikaenda kukaa kwenye kona yangu, nikajisemea kwamba huyu ni mtu wa maringo. Watu wa pale uani walisema vivyo hivyo. Walisema mzee anajiona, lakini ni fundi kweli, kwa hiyo wanamvumilia.

Majuma yakapita bila sisi kusemezana. Siku moja lori la mchanga likawa linarudi nyuma kuingia uani, honi inalia mfululizo. Twalib alikuwa amesimama njiani mwake, anapangusa plagi kwa kitambaa, ametulia kama mtu aliye peke yake duniani. Nilimkimbilia nikamvuta shati. Lori likapita palepale alipokuwa. Alilitazama, kisha akanitazama mimi. Hakunitazama machoni, alinitazama midomoni.

"Umejua," alisema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi na iishie kwako. Fundi wa magari asiyesikia ni sawa na kinyozi kipofu, mdogo wangu. Watu wa hapa wakijua, sina kazi tena." Kisha akanikunjia uso. "Na wewe nawe, mbona husalimii wakubwa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Nilikuamkia mara mbili, mzee, siku ile ya kwanza!"

Alinifanya nirudie, akanisoma midomo ili ahakikishe, halafu akaweka mkono kifuani. "Marahaba," alisema. "Na ile nyingine, marahaba."

Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Alikuwa ametoka Tanga kijana, baada ya miaka kadhaa kwenye mitambo ya kuchakata mkonge, na alidhani mitambo hiyo ndiyo iliyoanza kumla masikio, ila ilikuwa inakula kidogo kidogo. Johannesburg ilimalizia. Hakuna aliyegundua, kwa sababu alikuwa amejifunza njia zake. Alipenda kusimama mahali ambapo uso wa mteja unapata mwanga. Alisema yeye kwanza, akauliza maswali ambayo majibu yake yanajulikana. Na injini aliisikiliza kwa viganja, na kwa nyayo, na mara nyingine kwa meno: aliuma mpini wa bisibisi, ncha akaigusisha kwenye chuma, akafumba macho. Ukimwona hivyo ungedhani amesinzia na anaota jambo jema.

Lakini viganja havisikii kila kitu, na ndipo nilipoingia mimi. Cherehani yangu niliisogeza mahali ambapo angeweza kuniona kila akiinua kichwa. Tukapatana ishara. Kiganja wazi, injini inanguruma vizuri. Vidole vikichezacheza, kuna silinda inakosa moto. Ngumi, inagonga. Mkono ukilala juu ya meza, imezimika. Watu waliniona nikipungapunga mikono wakadhani nafukuza nzi, hata wakati wa baridi ambapo hakuna nzi.

Wakati wa chakula aliniuliza habari za sauti nyingine. Aliuliza kama mtu anavyouliza habari za ndugu walio mbali.

"Wale ndege wenye midomo mirefu, wanaoruka juu ya mapaa alfajiri. Bado wanapiga kelele?"

"Hadeda? Wanapiga."

"Kama nini siku hizi?"

Nilifikiri. "Kama mtu anayeburuta kabati juu ya saruji."

"Ndio hao hao," alisema, akatabasamu kwa muda mrefu akitazama mawingu.

Sikuwahi kuzungumza sana na mtu maishani mwangu, lakini na Twalib nilizungumza. Pengine kwa sababu hapakuwa na haja ya sauti. Nilichezesha midomo tu, polepole, naye akashika kila neno. Mtu mwingine uani asingesikia chochote. Tulikaa hivyo kwenye jua, juu ya kiti cha nyuma cha gari lililokufa zamani, na mimi nikamsimulia mlio wa mvua ya mawe juu ya bati la duka, na muadhini wetu mpya anavyovuta pumzi kabla ya kuanza. Yeye akanisimulia ndoto zake, kwa maana ndotoni alisikia. "Usiku nimesikia bomba likivuja," aliniambia asubuhi moja. "Tone moja moja, Bakiri. Nimeamka nimeshiba."

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata umeme ukawa unakatwa kwa zamu. Zamu yetu ilipofika, majenereta yaliwashwa mtaa mzima na uani hakuna aliyemsikia mwenzake. Watu walisemezana kwa mikono na kusomana nyuso. Saa hizo Twalib alitembea katikati yao kwa raha, anataniana na kila mtu, na mimi nilimtazama nikaona mji wote umehamia kwake.

Kisha likaja gari la Mama Brigitte.

Mama Brigitte ni mfanyabiashara, mtu wa Bukavu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alikuwa na pikapu kuukuu, ile ambayo hapa huitwa baki, na kwa hiyo baki alipeleka vitenge na samaki wakavu Diepsloot, nje ya mji, kila Jumamosi. Siku hiyo wanakwaya wenzake waliisukuma hadi uani huku wakiimba.

"Papa Twalib, hii gari inaniua! Fundi mwingine ameniwekea betri mupya, stata mupya, na bado iko nanitazama tu."

"Inakutazama kwa sababu umependeza, mama."

"Toka hapa, Papa! Jumamosi niko Diepsloot ao niko na njaa. Ikikataa leo ninaivuta mpaka kwa mafundi ya Randburg, na watu yote ya kanisa watanifuata kule. Hapa wako nasema umezeeka."

Wanakwaya walicheka. Twalib naye alicheka, lakini mkono wake ulikuwa tayari unafungua boneti. Karibu nusu ya magari aliyotengeneza yalikuwa ya watu wa kanisa lile.

Mama Brigitte akazungusha ufunguo. Twalib akanitazama mkono, nami nikabaki nao hewani. Sauti ile haikuwa na ishara. Ikanibidi niinuke nimsogelee, nijifanye natafuta mkasi.

"Umesikia nini?" aliuliza kwa midomo.

"Kama mtu aliyetaka kusema neno, akaghairi."

"Mara moja, au anarudiarudia?"

"Mara moja. Halafu pumzi ndefu."

Akazitazama taa za mbele. Zilikuwa zinawaka wazi, hata ufunguo ulipozungushwa tena hazikufifia. "Betri iliyochoka hugongagonga haraka, na taa hulegea," alisema. "Hii haijachoka. Imezuiwa." Akaanza kupitisha mikono. Aligusa betri, akagusa stata, ile mota ya kuamsha injini, akagusa nyaya moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta kitu gizani kwenye chumba anachokijua. Kila mara alimwashiria Mama Brigitte azungushe. Kisha mkono ukasimama juu ya ule waya mwembamba wa chuma unaotoka kwenye pedeli ya mafuta, ambao hauna kazi yoyote ya umeme.

"Shika hapa," aliniambia.

Nikashika. Ulikuwa wa moto kama kikombe cha chai.

"Umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri," alisema. "Njia yake kubwa ya kurudi imekatika. Sasa unajipenyeza kwenye kijia hiki chembamba, nusu unakwama. Ndiyo pumzi uliyoisikia."

Akaingia chini ya gari. Nyuma ya injini kulikuwa na mkanda wa nyaya zilizosukwa, unaounga injini na bodi. Ulikuwa umeota kutu ya kijani, umebaki nyuzi mbili tatu. Akachomoa mkanda mzima kwenye gari moja bovu la pale kwenye kona, akasugua chuma kwa msasa hadi kikang'aa, akaukaza.

Mama Brigitte akazungusha ufunguo, na baki ikawaka mara moja. Haikusitasita hata kidogo. Ilinguruma laini, sauti ya paka aliyelala juani. Nikainua kiganja wazi.

Lakini Mama Brigitte alikuwa ameshuka akipiga vigelegele, wanakwaya wamemzunguka, na mmoja wao amenikumbatia mimi nisiyezoea kukumbatiwa, mikono yangu ikabanwa. Twalib alikuwa anatoka chini ya gari kwa upande wa pili. Aliinuka akanitafuta kwa macho, akaona migongo tu. Vishindo vya wanakwaya waliokuwa wakicheza vilifunika mtetemo wa injini miguuni mwake, akadhani imezimika. Akapitisha mkono dirishani, akazungusha ufunguo wa gari linalonguruma.

Chuma kikasaga chuma. Mlio ule ulikata vigelegele katikati. Twalib aliuhisi kwenye vidole, akaachia haraka, lakini ilikuwa imekwisha. Wote walikuwa wanamtazama.

"Papa," alisema Mama Brigitte polepole. "Hausikii?"

Twalib alikuwa amempa mgongo. Aliendelea kupangusa mikono kwa kitambaa, na wote wakaelewa.

Sitaki kusema watu wa uani walikuwa wabaya. Mama Brigitte alimshukuru, akamletea samaki. Wateja wengine waliendelea kuja. Ila sasa walimpigia kelele. Walimsogelea sikioni wakapaza sauti kama wanaomwita mtu ng'ambo ya bonde, wakati angewasoma vizuri midomoni kama wangesema taratibu. Wengine waliacha kabisa kusema naye, wakaja kwangu: "Eish, Bakiri, mwambie mzee..." huku mzee amesimama hapo hapo. Niliwaambia waseme naye wenyewe. Niliwaambia kwa sauti, mimi. Walicheka wakaniuliza tangu lini naongea. Magari ya kanisa yakapungua, moja baada ya moja, yakaenda kwa fundi wa mtaa wa pili.

Mwezi wa nane alifunga vifaa vyake kwenye turubai nililomshonea. Binti yake, Tabia, alikuwa amemwambia arudi Tanga. Nilimsindikiza stesheni ya Park. Tulisimama mbele ya basi tukichezesha midomo tu, kama kawaida yetu, na sauti za stesheni zilinipita kwa mbali, kama nilikuwa nazisikia nikiwa ndani ya maji. Dereva alipoanza kuwasha injini, Twalib alinishika bega, akaweka kiganja cha pili kwenye ubavu wa basi, akatikisa kichwa kidogo kama aliyeona kasoro lakini hana tena haja ya kuisema. Akapanda ngazi, akageuka.

"Bakiri," alisema, "usinipigie simu. Niandikie. Na usifupishe."