Msiba wa Shaba

Kila toleo jipya la Shaba lilifika Kamachumu likinuka dagaa. Mzee Idrisa, aliyekuwa na duka la madaftari na vitabu mjini Bukoba, alikuja kwetu siku za gulio, na ndani ya basi mizigo yake ilirundikwa pamoja na magunia ya dagaa ya wachuuzi wenzake. Harufu iliingia kwenye karatasi, ikachanganyika na ya wino, na hata kitabu kikishapita mikono mingi na kupoteza jalada, ukikisogeza puani bado uliipata. Mpaka leo nikipita mahali dagaa wameanikwa, kinachonijia kwanza si chakula. Ni picha ya mtu mwenye mikono inayong'aa, amesimama juu ya paa la soko, anaangalia mawingu.

Kwa asiyemjua, Shaba alikuwa shujaa wa kitabu cha katuni. Siku za kawaida alikuwa fundi baiskeli mwembamba, mwenye kikohozi, katika mji ambao mwandishi hakuutaja jina. Mvua ikimnyeshea ngozi yake iligeuka shaba, risasi zikawa hazimpenyi, na aliweza kuinua lori kama mtu anavyoinua mkungu wa ndizi. Akikauka, alirudi kuwa fundi. Shida ni kwamba mji wake ulikuwa mkame, na adui yake, Bwana Kiangazi, alizunguka akifunga mabomba. Kwa hiyo utamu wa kila toleo ulikuwa kujua maji yatatoka wapi: bomba limepasuka, mama fulani amemwaga ndoo dirishani, tembo ametoroka kwenye maonyesho. Sisi watoto wa Kamachumu tuliidharau kidogo shida hiyo. Tulisema ahamie Bukoba, atakuwa shaba mwaka mzima mpaka asahau kuziba pancha. Mzee Idrisa alitujibu kuwa akihamia Bukoba atashika kutu, na hakuna atakayenunua shujaa mwenye kutu. Tulipomwambia kuwa shaba haishiki kutu kama chuma, alisema hiyo ni kwa sababu shaba hiyo haijawahi kukaa Bukoba.

Matoleo ya mwanzo nayaona bora hata sasa. Mchoraji wa kwanza alijua kuchora mikono. Shaba alipoziba pancha ungeweza kujifunza kazi kwa kumtazama. Baadaye alikuja mchoraji mwingine, na watu wote wa mji ule wakawa na kidevu kimoja, na wanawake wakawekwa madirishani kupiga mayowe tu. Nilikuwa na maoni mengi kama hayo, lakini sikuyasema shuleni. Darasani nilikuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Maoni yangu niliyatolea nyumbani kwa Bibi, mama yake baba, ambako ndiko tulikosomea vitabu hivyo. Bibi alimpa Mzee Idrisa ndizi za kuiva, Mzee Idrisa akatuachia kitabu mpaka gulio linalofuata.

Usomaji wetu ulikuwa na utaratibu wake. Alasiri, kahawa ikiwa imeanikwa uani, tulikaa kando ya mikeka ya kahawa hiyo ili kufukuza kuku. Mimi nilisoma kwa Kiswahili, polepole kwa sababu sijui kusoma kwa namna nyingine, kisha nikaeleza kwa Kihaya kwa ajili ya Bibi, ambaye hakuwahi kukaa darasani. Bibi alikuwa mpenzi mkali kuliko sisi wote, na hakusamehe kosa. Aliuliza kwa nini Shaba huingia nyumba za watu bila kusalimia. Aliuliza mbona hali chakula. Zaidi ya yote alitaka kujua ukoo wake na mwiko wa ukoo huo, na niliposema kitabu hakisemi, alisema basi mwandishi amemwokota tu barabarani. Hata hivyo siku ya gulio alikuwa wa kwanza kuuliza kama Mwislamu wetu wa Bukoba amefika.

Msimu ninaoukumbuka ni ule ambao Audax alikuja kuishi nasi. Audax alikuwa mtoto wa baba yangu mdogo, na alikuwa bado hajaanza shule. Baba mdogo alikuwa akifanya kazi mjini Bukoba, akaugua, akafa, akaletwa kuzikwa kwenye kibanja chetu, shamba la migomba linalozunguka nyumba, kama ilivyo desturi. Wakati wa mazishi Audax alikuwa Kanazi kwa wazazi wa mama yake, ana tetekuwanga, na wakubwa waliona asiletwe kwenye mkusanyiko wa watu. Alipopona aliletwa kwetu, kwa kuwa mtoto hukaa kwa watu wa baba yake. Alikuta watu wameshatawanyika, maturubai yameondolewa, na upande wa chini wa kibanja kuna tuta la udongo lililoanza kuota majani. Aliambiwa baba yako amepumzika. Alilipokea neno hilo lilivyo. Mtu aliyepumzika huinuka.

Kila gulio alimfuata Mzee Idrisa na kumuuliza kama amemwona baba yake mjini. Mzee Idrisa alikuwa mwepesi wa maneno kwa kila mtu, lakini kwa swali hilo alijifanya anatafuta kitu ndani ya mzigo. Nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo. Baba alimwachia mama, mama alimwachia Bibi, na Bibi alisema atamwambia mvua zikianza. Mtoto naye aliacha kipande cha chakula chake kila anapokula, akisema cha baba. Ilibidi mtu amwambie, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu.

Mwishoni mwa kiangazi, watu wakiwa wameanza kulima kwa ajili ya maharage, lilikuja toleo ambalo Shaba alikufa. Bwana Kiangazi alimvutia jangwani, na hakukuwa na bomba, wala ndoo, wala tembo. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha moja tu kubwa: fundi baiskeli amelala kifudifudi kwenye vumbi, spana mkononi. Hapakuwa na maneno. Nilifunua ukurasa kuona kama kuna kingine, nikakuta tangazo la sabuni.

"Amepumzika?" Audax aliuliza.

Nilimtazama Bibi. Bibi alikuwa anatazama kahawa.

"Amekufa," nikasema.

Asubuhi yake Bibi alituita twende shambani, na Audax akagoma. Si kwa ukaidi. Alieleza taratibu kabisa kwamba hatuwezi kulima kwa sababu kuna msiba. Alikuwa ameshaona kwamba kijijini kwetu mtu akifa majembe hulazwa, hata nyumba zisizo na undugu na marehemu hazigusi udongo mpaka azikwe. Mimi nilicheka. Bibi hakucheka. Alisimama na jembe lake begani kwa muda, akamtazama yule mtoto, kisha akalishusha, akalilaza chini kando ya mlango, na kuketi.

Siku ile sikuelewa. Mvua zilikuwa karibu na maharage yetu hayakuwa na pa kupandwa. Lakini Bibi aliketi, na sisi tukaketi. Jua lilipopanda, jirani yetu Mama Novatus alipita akaona majembe yamelala. Alikuja akajisogeza mlangoni, sauti chini, akauliza ni nani. Bibi alimjibu kuwa ni mtu wa mjini, fundi baiskeli. Mama Novatus akauliza ukoo. Bibi akasema ukoo wake haujulikani, masikini. Mama Novatus alisikitika sana kwa mtu kufa bila ukoo, akarudi kwake, akawaita watoto wake kutoka shambani, na mchana akaleta ndizi na kuni kama inavyotakiwa. Nyumba ya mbele yake iliposikia, nayo ililaza majembe. Bibi hakumwongopea mtu, lakini pia hakuongeza neno.

Alasiri Bibi alimshika Audax mkono, akanipa ishara nifuate. Tulishuka kwenye kibanja, tukapita chini ya migomba mpaka kwenye tuta. Alimkalisha karibu yake, akamweleza kwa Kihaya mambo yote kwa mpangilio, kama mtu anayefundisha kusuka mkeka. Kwamba mtu akifa watu huacha kulima. Kwamba huletwa nyumbani hata kama alikuwa mbali. Kwamba hulazwa hapa, na kila aliye wake humtupia udongo kidogo kwa mkono, na mtu akishatupiwa udongo na watu wake harudi, kwa sababu hapa ndipo alipofika. Kisha akasema, "Wewe ulikuwa mgonjwa. Udongo wako haujatupwa."

Audax aliuliza kama aliye ndani ni baba. Bibi alisema, kwa neno letu la upole, "Ndiye, waitu." Mtoto aliokota udongo, akauponda vizuri kwenye kiganja kuondoa mabonge, akautupa. Baadaye alilia, na Bibi alimwacha alie mpaka amalize. Usiku alikula sahani yake yote.

Kwa hiyo, gulio lililofuata, Mzee Idrisa aliponikabidhi toleo jipya huku anachekacheka, nikafungua na kuona Shaba amesimama wima, nilirudisha kurasa kutafuta amesimamaje. Wingu lilikuwa limepita jangwani. Tone moja lilimwangukia shingoni na ngozi ikaanza kung'aa. Maelezo yalikuwa ni hayo tu. Nilikasirika kama mpenzi wa kitabu, kwa sababu wingu lisilotayarishwa popote ni uvivu wa mwandishi. Lakini hilo lilikuwa dogo. Nilimwona akilini Audax akikimbilia kwenye tuta na ndoo ya maji.

Nilimwambia Mzee Idrisa, kwa sauti ndogo niliyokuwa nayo, kwamba mtu aliyekufa amekufa.

"Binti," alisema, "shujaa akifa kweli, mimi nitakuja gulioni kuuza nini? Sabuni?"

Nilikificha kitabu chini ya kanga. Haikusaidia, kwa sababu Audax alinisubiri njiani na pua yake ilikijua. Tukaketi kwenye nafasi zetu. Mama Novatus naye alikuwepo, amekuja kuazima ungo. Nilisoma polepole kuliko siku zote. Nilifika kwenye tone, nikasoma tone. Nilifika kwenye ukurasa wa kusimama, nikasoma kuwa amesimama, nikaeleza kwa Kihaya kuwa amesimama.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa Bibi. "Yaani nimelaza jembe kwa mtu mzima wa afya?"

Mama Novatus aliuliza ni jembe gani. Ikabidi aelezwe. Alimtazama Bibi, akakitazama kitabu, akaomba aonyeshwe huyo fundi. Alipomwona alisema ndizi zake zilikuwa za kupika, tena zilizokomaa, na kama marehemu amepona basi aje mwenyewe alime kipande kilichoachwa bila kulimwa kwa ajili yake. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, na Mama Novatus, aliyekuwa amekasirika kweli, akashindwa akacheka pia.

Audax hakucheka. Alikichukua kitabu mikononi mwangu. Hakujua kusoma, lakini alirudi nyuma picha kwa picha, taratibu, kidole kikipita juu ya jangwa. Alifika mwanzo, akarudi tena mpaka kwenye wingu.

"Huyu hawakumzika," alisema. "Walimwacha tu."

Akanirudishia kitabu niendelee.

Sasa naishi Muleba mjini na ninashona nguo. Shule niliishia darasa la saba. Shaba aliacha kutoka kitambo, bila mwisho wowote, na Bibi alikufa akisema hilo lilikuwa la kutarajiwa kwa mtu asiye na ukoo. Vitabu vya katuni ninavyosoma siku hizi viko kwenye simu, vina rangi nzuri, na wachoraji wake wengi wanajua mikono. Malalamiko yangu ni mengine. Toleo moja lina mashujaa wengi kiasi kwamba hakuna anayepata nafasi ya kukohoa. Wanakufa kurasa za kati ili wapate kurudi kurasa za mwisho. Wengine wamekufa mara nyingi hata wenzao hawashtuki, wanaruka juu ya mwili na kuendelea kupigana. Ninasoma vifo hivyo nikisubiri pasi ya mkaa ipate moto, na jirani wa chumba cha pili hajui kuwa kuna mtu amekufa. Zamani kitabu kimoja kilitosha nyumba yote, na kifo cha fundi baiskeli mmoja kilitunyima siku ya kulima mvua zikiwa zinakuja. Sisemi zamani ilikuwa bora. Maharage yale tuliyapanda kwa kuchelewa, na yalituangusha.

Audax ni kijana sasa, yuko Bukoba kwenye gereji. Yeye pia husoma, na kwa kawaida hunitangulia. Juzi niliwahi mimi. Katika mfululizo tunaoufuata wote wawili, yule mzee aliyelea mashujaa wengine amekufa, na safari hii mwandishi amejitahidi, ameacha kurasa kadhaa za watu waliokaa kimya. Nilimpigia simu nikamwambia kuna aliyekufa, bila kumtaja jina. Nikaongeza kwamba bila shaka watamrudisha, toleo linalofuata limeshatoka, niko karibu kulifungua.

Kelele za gereji zilisikika nyuma yake. Aliniuliza ninasoma na nani.

Nilimwambia peke yangu.

"Basi liache kwanza, dada," alisema. "Nakuja Jumapili."

Leo ni Alhamisi. Sijalifungua.