Stendi Mbili na Gogo la Mpingo

Mjomba wangu alikuwa hapandi dungu lake kabla hajaligombeza. Dungu ni lile jukwaa la miti tunalojenga shambani, mtu akae juu afukuze nguruwe na nyani wasimalize mtama. La mjomba lilikuwa na miguu minne, kimo cha mtu na nusu. Akishamaliza kulifunga kwa kamba za magome, anakumbatia mguu mmoja na kulitikisa lote kama anagombana na mlevi. "Anguka sasa," analiambia, "anguka nikiwa chini!" Likikataa, ndipo anapanda. Na akishapanda analala, anakoroma, nguruwe wanakula. Hayo tuyaache. Wakati huo hata shule nilikuwa sijaiona. Nilikuja kuiona baadaye, miaka miwili tu, ikanitosha kusoma tarakimu na jina langu.

Dungu nimelianza kwa sababu. Nilipofika Nachingwea wakati ule Waingereza walipofyeka pori walime karanga, nimeshakuwa mtu mzima, nilimkumbuka mjomba siku ya kwanza tu ya kazi. Matrekta yalikuwa yanang'oa miti tangu asubuhi, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye uji. Nikapata kazi karakana. Kwanza kufagia, kisha kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kisha kuinua magari. Fundi mkuu alikuwa Mzungu mmoja mwenye Kiswahili cha kuamrisha tu. Akanionyesha jeki, halafu akanionyesha stendi. Stendi ni kama kigoda cha chuma: miguu imetanuka chini, katikati ina nguzo yenye matundu, na pini nene unaipitisha kwenye tundu ili nguzo isishuke.

"Jeki inua," akasema. "Stendi shika. Jeki choka, wewe kufa."

Akaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, akainua nyuma, akasukuma stendi mbili chini ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, moja huku moja huku, pini zote kwenye tundu la kimo kimoja. Akashusha jeki polepole mpaka uzito ukakaa juu ya stendi. Halafu, kabla mtu hajaingia chini, akaegemeza bega kwenye gari akalitikisa. Mjomba wangu mtupu! Nikacheka, nikatukanwa. Lakini tangu siku ile nilikata shauri: mimi siingii chini ya gari lisilotikiswa, na mtu wangu haingii.

Mtu wangu alikuwa shemeji, mume wa dada yangu. Kwetu sisi mwanamume akioa anahamia kwa mkewe, kwa hiyo alikuwa ameacha kwao Nambilanje akaja kukaa kwetu. Mtu wa namna hiyo ni amana. Akivunjika hata kidole, ndugu zake wanakuja kuketi uani kwenu na kuuliza, na anayeulizwa kwanza ni kaka wa mke. Kaka mwenyewe ndiye mimi. Tena mimi ndiye niliyemtia kwenye ufundi.

Kazi za karanga zilipopungua, tukaenda Ruangwa sote wawili, kwa tajiri mmoja mwenye lori la kubeba ufuta na mihogo. Uwanja wake ulikuwa mchanga mtupu. Stendi hana. Ana jeki moja na magogo mawili ya mpingo. Sasa, mpingo kwetu unaaminiwa kupita kiasi. Mchi wa kutwangia ni mpingo, nguzo ya nyumba mpingo, mchwa wanaukimbia. Kwa hiyo kila mtu pale alijua kwamba gogo la mpingo haliwezi kumwangusha mtu. Ni kweli haliliwi wala halipasuki ovyo. Lakini ni la mviringo na linateleza, na chuma chenye mafuta kikikaa juu yake ni kama samaki juu ya sahani.

Nikamng'ang'ania tajiri siku nyingi, mpaka akakubali nikachague stendi Nachingwea, kwa mtu aliyekuwa anauza vyuma vya mitumba. Tukaenda na shemeji. Kulikuwa na jozi mbili. Moja imepakwa rangi ya kijani, inang'aa. Nyingine ina kutu na haitamaniki. Nikakaa chini, nikazipindua, nikakwangua rangi kwa kisu pale miguu ilipoungwa.

"Shemeji," akaniambia, "unanunua chuma au unanunua mbuzi? Mbona humfungui kinywa umtazame na meno?"

"Wewe njoo uone ufa huu."

Chini ya rangi kulikuwa na ufa kama unywele. Na pini ya stendi ya pili ilikuwa msumari tu. Zile za kutu zilikuwa na miguu mipana, maungio mazima, pini zake zenyewe nene kama kidole gumba, na uzito zinaobeba umechongwa ubavuni, tani zaidi ya nilizozihitaji. Tarakimu nilizisoma mwenyewe. Tukarudi na mabibi wazee, ndivyo shemeji alivyoziita. Uwanjani nikazitandikia mbao nene za mninga ili miguu isizame kwenye mchanga. Tukafanya kazi hivyo misimu miwili, na hakuna aliyeumia.

Sasa ikaja Ijumaa moja. Nilikwenda msikitini. Shemeji hakwenda, na ni mtu wa kwenda. Tajiri alikuwa amemharakisha, lori liondoke na ufuta kabla ya alasiri, na jani la springi ya nyuma, kile chuma bapa kinachobeba uzito, limevunjika. Narudi, naona lori limeinuliwa nyuma, magurudumu ya nyuma yametolewa, miguu ya shemeji imetokeza. Upande mmoja bibi mzee mmoja. Upande wa pili gogo la mpingo. Jeki imeshavutwa nje.

"Stendi ya pili iko wapi?"

"Kwa mke wa tajiri," akajibu kutoka chini. "Imebeba pipa la maji."

"Toka."

"Nimebakiza nati mbili. Shemeji, huu ni mpingo, siyo papai!"

"Toka, nilitikise."

"Utatikisa nikimaliza."

Sikubishana. Nilimshika vifundo vya miguu yote miwili nikamburuta kama gunia, shati likabaki limejaa mchanga, ananitukania ukoo mzima. Nikaweka bega kwenye lori. Mara ya kwanza halikusema kitu. Mara ya pili gogo likajiviringisha, likatoka, na upande ule ukashuka wote. Ekseli ikalala pale pale kilipokuwa kifua chake, na spana yake ikabanwa chini ya ekseli.

Tajiri akaja mbio.

"Umeniangushia gari!"

"Nimeliangusha likiwa halina mtu."

"Inueni upesi, wekeni gogo vizuri, mmalize. Nati mbili tu!"

"Naomba kwanza ile stendi ya pipa."

"Mke wangu amwage maji kwa ajili yako? Stendi ni zangu, gari langu, gogo langu!"

"Vyote vyako, tajiri," nikasema. "Lakini ile miguu ni ya dada yangu."

Akamgeukia shemeji, akamwambia ashike jeki. Shemeji akamtazama, akanitazama mimi. Mtu mzima huwezi kumburuta miguu mara mbili kwa siku moja. Nikaweka spana yangu juu ya lile gogo, nikafuta mikono kwa mchanga, nikashika njia.

Nilikuwa nimefika pale wanapouzia mihogo niliposikia viatu nyuma yangu. Shemeji alikuwa anaburuza mguu wa kushoto tangu utoto, kwa hiyo sikuwa na haja ya kugeuka. Tukaenda hivyo mpaka nyumbani, mimi mbele yeye nyuma, na katika uwanja ule sikukanyaga tena.