Kiganja Juu ya Waya

Mi sikusoma sana. Miaka mitatu tu ya shule ya misheni, kisha nikaingia garaji ya mugodi wa Mashamba kuosha bipande bya injini na petroli. Bingine byote nilijifunza kwa mikono, na hakuna mutu aliyenisukuma.

Miaka ile ya Zaïre, chef wetu wa garaji alikuwa anatafuta mutu wa kuongoza ekipi, kile kikundi cha zamu ya asubuhi. Tulibaki wawili: mi, na mwenzangu mmoja mwenye diploma ya shule ya ufundi. Shati lake la kazi lilipigwa pasi hadi kola. Tena alikuwa na kile kipimo cha umeme chenye sindano, akakining'iniza shingoni kama padri na musalaba wake. Nilimuonea wivu sana.

Mwezi wa sita, baridi ya Kolwezi inauma masikio. Buldoza moja ya zamani, iliyotoka kupakwa rangi mpya kwa sababu ya wageni wakubwa, ikaanza kusumbua. Jua likipanda, inawaka. Asubuhi, mafuta yakiwa mazito, demareri, ile mota ya kuwashia, inaizungusha injini pole pole: uuu… uuu… kama mugonjwa anapanda ngazi.

Chef akasema, "Citoyens, wananchi, mwenye kuiponya hii, huyo njo nitamupa ekipi."

Nikaruka mbele. Kawaida yangu ni kiganja: dreva anazungusha, mi nashika nyaya moja moja, penye moto ndipo penye ugonjwa. Lakini siku ile, mbele ya chef, niliionea haya mikono yangu. Nikamuambia mwenzangu, "Leta kipimo chako, ndugu."

"Unajua kukisoma, tata?" akaniuliza, kama kijana anavyomuita baba.

"Kwani sindano inasema Kifaransa?"

Batu bakacheka, nami nikafurahi. Nikapima. Sindano ikasimama katikati ya mistari miwili. Ilisema nini, mi sijui mpaka leo. Nikatangaza kama daktari, "Batiri zimekufa!" Tukabeba mpya kutoka depo, migongo ikalia. Dreva akazungusha. Uuu… uuu… Sasa batu bakanicheka mi.

Mwenzangu kipimo hakukigusa. Alivua glavu, akamuambia dreva azungushe tena, akapitisha kiganja juu ya nyaya mpaka ule wa masi, unaofunga batiri na chuma cha mashine. Akaurudisha mukono mbio, akiupuliza. Alipofungua bulone inayoukaza tukaona: chini yake rangi mpya, ya manjano, nzuri kabisa, inazuia umeme. Akaikwangua kwa kipande cha musumeno hadi chuma kikang'aa, akakaza. Injini ikashika mara moja, moshi ukatufunika wote.

"Nani alikufundisha hii?" chef akauliza.

"Huyu tata. Kila baridi namuangalia."

Alisema mbele ya batu wote, kwa sauti nzuri. Heri angeniibia na kunyamaza! Chef akanitazama, anangoja nicheke kwa kusifiwa. Kisha ekipi akamupa yeye.

Batu banasema alinipa heshima. Heshima gani? Kazi ni yangu, cheo ni chake. Kesho yake asubuhi alikuja kunisalimia, mukono mbele: "Jambo, tata." Nikamupa kifundo cha mukono tu, vile fundi anafanya mikono ikijaa grisi.

Mikono yangu ilikuwa safi.