Bawaba Aliyoikataa Bujiku

Watu wa Kambarage, pale Shinyanga, walimjua Bujiku kwa mambo mawili: katambuga zake za tairi la lori, na mdomo wake usiojua kunyamaza. Ukimpelekea kiatu, kwanza anakigeuza, anatazama soli, kisha anakusimulia unavyotembea kana kwamba amekufuata nyuma mwaka mzima. Haikuwa ramli. Mpira ulioliwa unasema wenyewe.

Mguu wake mwenyewe ndio uliomshinda. Mwaka 1964, akiwa kibarua mgodini Geita, jiwe lilimponda kifundo cha mguu wa kulia. Mfupa uliunga ovyo, na miaka ilivyokwenda kiungo kikalika ndani, mfupa ukawa unasaga mfupa. Kufika 1976 hakuweza tena kulima. Shamba la pamba lilibaki kwa mkewe Nyamizi, mama wa mwanawe Kamili, peke yake, na hilo lilimuuma Bujiku kuliko kifundo. Mwanamume mzima anakaa barazani kupigilia misumari, mkewe anainua matuta!

Mwaka huo daktari mmoja Mzungu, bingwa wa mifupa, alianza kufika hospitali ya misheni, mwendo wa siku nzima kwa basi. Bujiku akaenda. Daktari alitazama picha ya eksirei, akasema vipo vifundo vya chuma vinavyopachikwa mahali pa kiungo kilichoharibika. Sista Eufrasia, muuguzi, alitafsiri mara mbili, maana mara ya kwanza Bujiku alicheka.

Kisha wakamwekea kitu chenyewe mkononi: kipande cha chuma king'aacho, kimeingia ndani ya kipande cha plastiki nyeupe. Bujiku alipigwa na butwaa. Kumbe mahali fulani duniani kuna binadamu aliyekaa akawaza namna ya kutengeneza mguu wa mtu asiyemjua! Machozi yalimlengalenga, wala hakuona haya.

Lakini mikono ya fundi haitulii. Alikikunja, kikaenda mbele, kikarudi nyuma, laini kama kimepakwa samli. Akakijaribu upande. Kikagoma.

"Dokta, hii ni bawaba ya mlango."

Sista alisita kutafsiri. "Baba Kamili, tafadhali. Umekuja kutibiwa."

"Mwambie tu, Sista. Mguu si mlango."

Akavua katambuga ya mguu mzima, akaigeuza. Kisigino kilikuwa kimelika upande wa nje. Akaomba kiatu cha daktari. Nacho kimelika upande uleule.

"Mguu ukikanyaga unalala kidogo, halafu unainuka," alisema. "Kwenye matuta unalala zaidi. Mimi nikibana ukanda wa katambuga mpaka mguu ushindwe kucheza, mguu haukubali. Unavuta kila hatua, na mwisho kinachong'oka ni msumari. Sasa hiki kisichotaka kulala, ndani ya mfupa wangu kitang'oa nini?"

Daktari alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa, mguu mmoja soksi tupu. Kisha akasema amepata barua kutoka kwao: vifundo vya namna hiyo vimeanza kulegea baada ya miaka miwili mitatu, na madaktari wanalaumiana kwamba hawakuvipachika vizuri. Tena hicho kilikuwa cha saizi moja tu. Ili kiingie kwenye mguu mwembamba kama wa Bujiku, ingebidi kukata mfupa mwingi.

"Na mfupa ukishakatwa haurudi," alisema. "Wapo wanaotengeneza kingine. Ukikubali, tungoje."

Bujiku akangoja, na nyumbani moto ukawaka. "Watu wanahangaika huku na huko kutafuta dawa," Nyamizi alisema, "wewe umepewa mguu, ukaanza kuukosoa!" Bujiku aliinamia katambuga, akaendelea kupigilia misumari. Misimu ya pamba ilipita, maumivu yakapanda hadi gotini, na zipo siku alizoamini kwamba amejinyima mguu kwa ujuaji wake.

Kingine kilifika mwanzoni mwa 1979, saizi tatu ndani ya sanduku moja. Hiki kilikuwa na mgongo wa mviringo uliokaa kwenye bakuli pana, ukiweza kuegama kidogo, na kuuzuia usipitilize kuliachiwa kano za mguu wenyewe. Daktari alipima picha ya eksirei, akachagua kidogo kuliko vyote. Bujiku alikishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

"Kitadumu miaka mingapi?"

"Sijui," daktari alijibu. "Hakuna anayejua bado."

Bujiku alimwamini kwa jibu hilo, akalala juu ya meza ya upasuaji.

Mvua za kupanda zilipoanza, Nyamizi alitangulia shambani, jembe begani, akisimulia habari za jirani. Katikati ya matuta alinyamaza ghafla. Kwa miaka kumi na mitano alizoea kusikia nyuma yake fimbo ikigonga na mguu ukiburuzwa. Sasa hakusikia kitu. Akajua mumewe ameanguka. Akatupa jembe, akageuka mbio, akamgonga kifuani.

"Umetokea wapi?"

"Nyumbani, Mama Kamili. Niko nyuma yako tangu nyumbani."

Nyamizi aliutazama ule mguu. Akakaa chini palepale kwenye udongo mbichi, akalia kwa sauti, na asubuhi ile hawakupanda hata shimo moja.