Mwanafunzi wa Papa Abdias

Kyakimwa alifundisha saikolojia katika shule moja ya sekondari mjini Butembo, kwenye section pédagogique, wanakotayarishwa vijana watakaokuwa walimu wa primaire, yaani shule ya msingi. Alizaliwa Masereka, juu kwenye mashamba ya viazi, na angebaki huko akilima pamoja na dada zake kama si Papa Abdias. Huyo ndiye aliyemfundisha tangu utoto, ndiye aliyepanda mlima kumsihi baba yake asimwondoe shuleni, na miaka ilipopita ndiye aliyempokea kazini kama mwenzake. Kyakimwa alikuwa na mume, watoto na ndugu wengi, lakini jambo likimshinda alijiuliza kwanza Papa Abdias angesema nini.

Kila Jumamosi, masomo yakiisha, walimu watatu wa saikolojia walibaki katika salle des professeurs, chumba cha walimu, wakinywa chai na kubishana. Wa tatu aliitwa Laurent. Serikali ilimtuma kutoka Kananga kabla ya vita. Kisha vita ikaikata nchi vipande, naye na mke wake Jeannine wakajikuta upande wa waasi, bila njia ya kurudi kwao. Sheria ya kikao aliiweka Papa Abdias: mtu hajibiwi, linajibiwa neno lake. Hakuna kutukana, hakuna kupandisha sauti, na anayedai jambo aeleze amelijua namna gani.

Siku moja walizungumza juu ya mashujaa. Kwa nini watu wenye akili timamu, wakishadanganywa na kiongozi mmoja, wanamkimbilia mwingine kwa vigelegele vile vile? Abdias alieleza vizuri kama kawaida yake, kwamba mtu mwenye woga hutafuta baba. Laurent akakoroga chai yake.

"Ni kweli, Papa," akasema. "Mais minaona kitu ingine. Mutu mwenye kufundisha benzake kuwa na mashaka, mara mingi yeye mwenyewe hapendi bamuwekee mashaka."

Abdias alicheka, akampiga Laurent begani. Aliyekasirika ni Kyakimwa. Aliona mgeni amemkosea adabu mzee wa nyumba, na hakuitafuta sana maana ya neno lenyewe.

Haukupita muda mrefu, mouvement ya waasi iliyotawala kutoka Beni ikamwita Abdias awe mkubwa wake wa elimu na habari. Kyakimwa alifurahi kama aliyeitwa ni yeye. Aliwaambia majirani kwamba sasa kuna mtu kule juu atakayewauliza wenye bunduki maswali. Kikao cha Jumamosi kikaendelea, yeye na Laurent tu.

Kisha mouvement ikapata mkuu mpya. Alipokuja kujionyesha Butembo, amri ikatoka kwamba shule zote zisimame barabarani na matawi, zimwimbie. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, ile mvua ya baridi ya milimani, na msafara haukufika mpaka alasiri. Kyakimwa alisimama na darasa lake, meno yakigongana. Laurent hakupeleka lake. Alifundisha kama siku nyingine.

Juma lile lile, radio ya Beni ikatoa sauti ya Papa Abdias. Ilikuwa sauti yake kabisa, ya polepole, ya mtu anayeeleza somo. Alisema waliobaki ndani siku ya mapokezi ni nyoka waliolala nyumbani mwetu, na nyoka hafundishwi, anapondwa kichwa.

Mume wa Kyakimwa alizima radio. "Mutu yako njo huyo," akasema.

"Bamemuandikia," akajibu Kyakimwa. "Ile si maneno yake."

Hakuweza kutulia. Alipanda pikipiki, akateremka Beni, vumbi na joto vikimpiga usoni kadiri barabara ilivyoshuka. Bureau, ofisi ya Abdias, ilikuwa katika nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbia, na askari walikaa barazani. Abdias alipomwona alisimama, akamshika mikono yote miwili, akaagiza aletewe soda. Aliuliza habari za kila mtoto kwa jina lake.

"Papa," Kyakimwa alisema, "nimekuja kukuuliza sawa vile ulitufundisha. Balimu benye hawakuenda kuimba, unajua namna gani kama ni badui?"

Abdias alitabasamu. "Ulizo muzuri," akasema. "Njo juu ya ile nilikupenda darasani."

Kisha akanyamaza. Alikaa akimtazama kwa wema, mikono juu ya tumbo, kama mtu mwenye siku nzima ya kumsikiliza. Kyakimwa aliona vibaya kuuacha ule ukimya. Alitaka pia mzee ajue kwamba kazi yake Butembo haikufa, kwamba kikao kipo na watu bado wanafikiri.

"Hapana mimi peke yangu ninauliza," akasema. "Papa Laurent naye anasema mukubwa huyu ni sawa tu na bale balimutangulia, na hakuna sababu batoto balowane na mvua juu yake."

"Laurent," Abdias akasema. "Ana akili, yule. Salimia yeye."

Alimsindikiza mpaka barabarani, akamwitia pikipiki mwenyewe. Kyakimwa alirudi Butembo moyo mweupe, akampa Laurent salamu zake. Laurent akamshukuru.

Askari walimchukua Laurent katikati ya somo. Walisema ni jicho la Kinshasa, mpelelezi wa serikali. Wanafunzi waliona akivuliwa viatu uwanjani na kupandishwa gari. Kyakimwa alikuwa darasa la jirani, akasikia kelele, akatoka chaki bado mkononi, akakuta gari limekwisha kuteremka.

Alikimbilia tena Beni. Safari hii askari wa barazani walimwambia mkubwa ana réunion, yuko mkutanoni. Alirudi kesho yake, wakamwambia hivyo hivyo. Mwishowe alimngoja nje ya kanisa, misa ilipotoka. Abdias hakumkwepa. Alimvuta kando kwa heshima, mbali na watu.

"Papa, ile maneno nilikuambia wewe. Wewe tu."

"Mama Kyakimwa, wewe ni mutu wa saikolojia," akasema kwa sauti ya chini. "Kumbuka muzuri. Nilikuuliza jina ya mutu?"

Kyakimwa akakumbuka. Ni kweli, hakuuliza. Alinyamaza tu. Na kunyamaza kule kulikuwa somo alilowapa walimu wote waliopita mikononi mwake: ukitaka mwanafunzi aseme, usimsukume, mwachie ukimya, ataujaza mwenyewe. Alisimama pale akimtazama mzee akiingia garini.

Mapadri na walimu walimwombea Laurent kwa wakubwa wa mouvement majuma kadhaa mpaka akaachiliwa. Alirudi amekonda, sikio la kushoto halisikii. Kyakimwa alimpelekea fufu na sombe ya majani ya muhogo. Jeannine ndiye aliyefungua mlango, akasimama palepale mlangoni.

"Balikuwa banamupiga na banarudilia maneno yake, moja moja," Jeannine akasema. "Ya ile salle yenu. Na mule mulikuwa mumebaki babili."

Kyakimwa alisema kila kitu, hapo nje, sahani mikononi. Laurent alisikia, akatoka. Alipokea chakula, maana hakuwa mtu wa kumrudisha mtu na sahani yake.

"Sina kesi na wewe, Mama," akasema. "Ulimuamini. Mais kukaa kusema tena na wewe, hapana. Sitaweza."

Tangu siku ile alimsalimu kila asubuhi, kwa adabu, na hakuongeza neno. Jumamosi kila mmoja alikwenda kwake. Vita iliposimama na njia kufunguka, Laurent na Jeannine walikwenda zao Kananga, na Kyakimwa alipata habari hiyo kwa préfet, mkuu wa shule.

Abdias hakupoteza kitu. Amani ilimpa cheo kikubwa zaidi. Alirudi shuleni kuzindua darasa jipya la matofali, wanafunzi wakaimba, naye akamtafuta Kyakimwa kwa macho katikati ya walimu. "Mon élève, mwanafunzi yangu," akasema mbele ya wote, akanyoosha mkono. Mkono wa Kyakimwa ulikwenda wenyewe. Magoti nayo yakainama kidogo, kama alivyofundishwa kuwasalimu wazee. Aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni.

Somo lake lilifuata pale pale. Alifunga kitabu, akawasimulia wanafunzi yaliyotokea, akianza na kosa lake, bila kumtukana mtu, bila kuficha jina. Walisikiliza. Mwishoni msichana mmoja, Joyeuse, aliinua kidole.

"Mais, Mama, pengine askari hawakumuelewa. Papa Abdias ni mutu muzuri. Alitujengea darasa."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Kyakimwa alifungua mdomo amjibu, lakini kengele ikalia, wakatoka mbio, maana gari la mgeni lilikuwa bado uwanjani na walitaka kumpungia mkono.