Nguzo ya Marumaru kwa Kina Mwanahawa

Watu walisema marumaru za majumba ya matajiri wa Raskazone hunyonya woga: ukiziegemea, moyo hutulia. Nami, mhitimu wa shule ya usiku, niliyaamini hayo kuliko jedwali la kuzidisha.

Basi siku niliyokwenda Ngamiani, wazee wa mchumba wangu Mwanahawa wanione, woga ulinizungusha nje ya nyumba yao hadi kuku wakakimbia. Barazani kwao nikaona nguzo ya marumaru! Nikaikumbatia, kifua na shavu. Woga ukaisha kweli.

Nikaingia. “Shikamooni!”

Mwanahawa, akichungulia mlangoni, akaziba mdomo kwa kanga. Kanzu yangu nyeupe ilijaa michirizi ya kijivu.

“Ni marumaru yenu,” nikajitetea.

Shangazi yake akainamisha macho. “Si marumaru, mwanangu. Ni mnazi na rangi. Tumeipaka asubuhi, usituone maskini.”